Nilisahau kidonge kimoja cha uzazi wa mpango, je nina mimba?

Pole dada. Umesema uliruka kidonge kimoja wiki ya pili, ukakimeza kesho yake asubuhi, na sasa hedhi imekuja matone tu. Kama vidonge vyako ni vya homoni mbili (estrojeni na projestini), kosa hilo moja haliondoi kinga. Shida huanza ukiruka viwili au zaidi mfululizo. Hapo unatumia kondomu mpaka umeze siku 7 bila kukosa.

Hayo matone nayajua. Mwaka wangu wa kwanza wa vidonge nilikuwa nachungulia pedi kila nusu saa! Vidonge hufanya ukuta wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba, ndiyo maana damu hupungua, na wengine hawaioni kabisa. Kichefuchefu na matiti kuuma navyo huletwa na vidonge vyenyewe, kwa hiyo visikutishe.

Ila, ulitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza? Au unatumia rifampisini ya kifua kikuu? Hapo hesabu inabadilika, kinga inaweza kupungua. Pima mimba kwa mkojo siku 21 baada ya tendo la mwisho, na usiache vidonge wakati unasubiri. Hata mimba ikiwepo, havijulikani kumdhuru mtoto.