Uliza Tukujibu: Samaki wa mnadani, ninunue au niache?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina tangi la lita 200, ndani kuna gapi, neoni na kambale wadogo wa chini, wote wazima kabisa. Sasa kuna chama cha wafugaji wanafanya mnada na rafiki yangu ananisukuma twende, anasema samaki wanaenda bei chee na unapata aina ambazo dukani huzioni. Ila wengine wananiambia wa mnadani hamalizi wiki. Ni kweli au watu wanatishana tu? Na nikienda niangalie nini?

Jibu: Marahaba. Kabla ya yote niambie, una tangi la pili la karantini, yaani la kumtenga mgeni? Sio lazima liwe la maana, hata beseni kubwa la plastiki lenye hita na filta ya sponji linatosha, ilimradi maji yake, neti yake na mpira wake wa kunyonyea uchafu visiguse tangi lako kubwa. Kama huna na huna mpango wa kuliandaa kabla ya siku yenyewe, basi nenda kaangalie, piga stori na wafugaji, halafu rudi mikono mitupu. Nasema hivi kwa sababu watu wanahesabu hasara ya mnada kwa yule samaki mmoja waliyemnunua akafa, kumbe huyo ni hela tu imepotea, hasara yenyewe ni wale wa nyumbani uliowalea muda wote huo halafu mgeni mmoja anawaletea ugonjwa unawapukutisha wote.

Duka nalo linauza wagonjwa, hilo silikatai. Lakini dukani unasimama mbele ya tangi, unaomba wapewe chakula unaona nani anakula na nani kajikunyata kwenye kona, ukitaka unarudi baada ya siku tatu kuona kama bado wapo. Mnadani unamwona ndani ya mfuko dakika chache, dalali anakimbiza, dau linapanda, na ukishashinda ndio imetoka hiyo, kurudisha hakuna.

Sasa kuhusu kufa siku ya pili, mara nyingi tatizo ni mfuko na jinsi unavyofunguliwa. Samaki anatoa amonia, yaani uchafu wa mwili wake wenye sumu, kupitia matamvua muda wote, hata akiwa hajala, na akikaa mfukoni toka asubuhi mpaka usiku ile amonia inajaa. Kinachomwokoa ni kwamba kaboni dayoksaidi anayoitoa nayo inajaa humo humo na kushusha pH (kipimo cha uchachu wa maji, ikiwa chini maji ni machachu), na pH ikiwa chini amonia karibu yote inageuka kuwa amoniamu ambayo haimuumizi sana. Unafika nyumbani, unafungua mfuko, ile kaboni dayoksaidi inatoka, pH inapanda na sumu inaamka. Kwa maji ya nyuzi 25, kwenye pH 7 amonia yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya jumla, kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5, yaani uchafu ni ule ule ila ukali wake umepanda karibu mara kumi. Ndio maana ule mtindo wa kufungua mfuko halafu unadondoshea maji ya tangi tone kwa tone saa nzima, watu wanaufanya kwa huruma kabisa, lakini kwa samaki aliyekaa mfukoni muda mrefu unamuumiza. Uache mfuko uelee juu ya maji ya karantini ukiwa umefungwa dakika 15 mpaka 20 joto lilingane, fungua, mtoe kwa neti, mtie karantini, maji ya mfuko mwaga kwenye sinki na sio kwenye tangi. Tofauti ya maji imalize mapema kwa kumuuliza mfugaji pH na ugumu wa maji yake (wingi wa madini yaliyomo), maana mara nyingi yuko hapo hapo ukumbini na hiyo kwangu ndio faida kubwa ya mnada kuliko hata bei.

Ukishika mfuko angalia anavyopumua, mapezi yamefunguka au kayabana, tumbo limebonyea au la, kuna vidoti vyeupe kama chumvi. Maji yakiwa na mavi mengi ujue alilishwa karibu na kufungashwa, mfugaji anayejua kazi anamnyima chakula siku moja au mbili kabla. Gapi mtazame na sehemu ya haja, ukiona nyuzi nyekundu zinachungulia hao ni minyoo, achana naye hata kama ni mzuri vipi.

Karantini wiki nne, usipunguze. Dawa ya vidoti vyeupe inaua vijidudu vikiwa vinaogelea majini tu, vilivyojificha kwenye ngozi haivifikii, kwa hiyo siku mbili za dawa sio tiba.

Swali: Nimeona lebo zimeandikwa "sikilidi mchanganyiko" na "pleko mdogo", bei poa sana. Nichukue?

Jibu: Hapana. Sikilidi ni ukoo wenye aina nyingi za samaki, na majike ya wale wa Ziwa Malawi wa aina tofauti yanafanana mno, wakishachanganyika hakuna anayeweza kukuambia umenunua nini, na ukizalisha unasambaza machotara kwa wenzako. Pleko wa kawaida, yule kambale wa mdomo wa kunyonya, anauzwa akiwa sentimita 5, akikua anapita 30. Kambale mkia mwekundu wa Amazon ndio kabisa, anapita mita 1. Na akikushinda usimpeleke mtoni, tafadhali sana.

Swali: Mwezi uliopita nilisafisha tangi la samaki wa mnadani, mmoja alikonda akapinda mgongo akafa. Sasa nina uvimbe kidoleni hauponi, unahusiana?

Jibu: Inawezekana, nenda hospitali wiki hii ndugu yangu. Kuna bakteria anaitwa Mycobacterium marinum, anakondesha samaki na kupinda mgongo, na kwa binadamu anaingia kupitia mchubuko halafu uvimbe unatokea wiki kadhaa baadaye. Tiba ipo ila ni antibiotiki za miezi, na dawa za kawaida za jipu huwa hazimtoshi. Mwambie daktari waziwazi kwamba unafuga samaki, bila hivyo anaweza asifikirie kabisa kupima hicho. Kwa sasa usitumbukize huo mkono kwenye maji ya tangi, hata ukiwa na plasta.