Hesabu nyama, usihesabu sambusa

Shilingi 360 kwa sambusa 12 za nyama si bei mbaya, mpaka upasue moja.

Mimi niliipasua ikiwa bado mbichi, imetoka kwenye friza, nikakwangua yaliyomo kwa kijiko na kuyaweka kwenye mizani ndogo ya jikoni. Sambusa nzima ilikuwa gramu 35. Manda peke yake gramu 24. Gramu 11 zilizobaki zilikuwa kitunguu, karoti, njegere moja iliyobondeka, na chembe za kahawia ambazo ukizibana kwa vidole zinarudi kama sponji. Hizo ni soya. Nyama ilikuwemo, sikatai, ila ya kutafutwa kwa tochi.

Sasa tumpendelee mtengenezaji. Tuseme gramu zote 11 ni nyama tupu. Mara 12 ni gramu 132. Kama buchari ya mtaani kwenu inauza kilo kwa shilingi 700, nyama hiyo haifiki hata mia. Zaidi ya shilingi 260 zimeenda kwa unga, mafuta, umeme wa friza, faida, na ile picha ya sambusa iliyofurika kima inayotutoa udenda pale dukani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanautegemea: bei ya paketi isikushughulishe sana. Tafuta kujua kile kilichokupeleka dukani kimo kiasi gani.

Huwezi kupasua sambusa mbele ya mlinzi wa supamaketi, lakini unaweza kugeuza paketi. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kilichotiwa kwa wingi kinatangulia. Ndivyo zinavyotaka kanuni za kimataifa za vyakula ziitwazo Codex, na kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula, EAS 38, kinakwenda njia hiyo hiyo. Basi ukisoma unga wa ngano, maji, kitunguu, soya, halafu ndipo ukutane na nyama ya ng'ombe, mengine ya nini? Unajua unachonunua. Paketi nyingine hutaja asilimia ya nyama kabisa. Kampuni inayotaja asilimia bila kulazimishwa mara nyingi haina aibu nayo, na mimi huipa pesa zangu kwanza.

Soseji ndizo zinazohitaji jicho kali zaidi, kwa sababu kila kitu kimesagwa na huoni kitu. Ukikuta maji yamekaa namba mbili na wanga nyuma yake, ujue hao wawili wamekuja pamoja kwa makusudi. Wanga ukipata moto hunyonya maji na kuyashika. Fosfati, zile zinazoandikwa E450, E451 na E452, huisaidia nyama kushika maji yasitoke. Soya iliyokaushwa nayo ikilowekwa hunywa maji mara mbili ya uzito wake au zaidi. Hakuna sumu hapo, tusizushe mambo. Ni viungo vinavyoruhusiwa, na soya mimi huipika nyumbani kwa nyanya na dhania nikaifurahia. Ninaponunua soya, lakini, nataka kulipa bei ya soya.

Kikaango hakifichi kitu. Soseji yenye nyama ya kutosha hukaangika ikabadilika rangi, ikatoa mafuta kidogo. Ile iliyojaa maji na wanga huvimba kama puto, na ukiitoa motoni inanywea na kujikunja ngozi. Minofu ya samaki iliyogandishwa ina mchezo wake: huvikwa ganda la barafu ili isikauke, na hilo ni jambo la kawaida, ila kuna minofu iliyovikwa blanketi zima. Pima kabla, iyeyushe kwenye chujio, pima tena. Kama uzito ulioandikwa ni wa samaki pamoja na barafu yake, utajua kilo ya maji umeinunua kwa bei gani.

Watu huniambia, "Lakini ina alama ya KEBS." Alama hiyo ya shirika la viwango vya bidhaa la Kenya ni muhimu, na unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# ikifuatwa na nambari ya kibali kwenda 20023. Inakuambia kwamba bidhaa imeidhinishwa chini ya kiwango fulani. Haikuambii kwamba sambusa imeshiba.

Halafu kuna paketi zinazokonda. Bei imesimama palepale, rangi ni ileile, ila gramu 400 zimegeuka 340. Tuelewane hapa, maana ndipo hasira nyingi hupotea bure. Paketi ikiandikwa 340 na kweli ikapima 340, hilo si kosa kisheria, hata likikuudhi. Ikiandikwa 400 na ikapima 340, hiyo ni kesi ya Idara ya Vipimo na Mizani, na ukiwa na risiti pamoja na paketi yenyewe, ipeleke. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Kwa ile iliyokonda kihalali, kinga yako ni kugawanya. Soseji za gramu 400 kwa shilingi 320 ni shilingi 80 kwa kila gramu 100. Za gramu 340 kwa shilingi 300 ni 88. Ya bei ya chini ndiyo ghali. Simu unayo mkononi, kikokotoo kimo.

Vipaketi vya kadogo sivisemi sana. Kila mtu Nairobi anajua kwamba ukigawanya, kadogo ndiyo ghali kuliko zote, na kila mtu anajua kwa nini tunavinunua.

Najua pia kwa nini tunanunua vya kupasha moto. Ukitoka mjini saa kumi na mbili jioni na Jogoo Road imefunga, unafika nyumbani saa mbili, watoto wana njaa. Siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo akasukume chapati. Lakini mitaa yetu ina chakula chake cha haraka ambacho hakijawahi kuingia kwenye boksi. Mama mboga anakukatia sukuma wiki huku ukimsubiri. Jirani yake ana sufuria ya maharagwe na githeri vilivyochemshwa, anakupimia kwa kikombe na unaona kila punje. Linganisha na maharagwe ya kopo, ambayo ukishamwaga ule mchuzi wake unabaki na kopo lisilojaa.

Kwa nyama, nenda buchari ukasagiwe mbele ya macho yako. Mwenye buchari yetu nikimwambia, "Niwekee nusu ya steki, usiniongezee mafuta," huwa anacheka: "Kastoma, wewe siku hizi unanikagua kuliko kaunti." Namkagua kweli, na kisu kinaenda ninapotaka. Kima hicho nakipika mara moja kwa kitunguu, tangawizi na pilipili, nakiacha kipoe kabisa, maana kikiwa na moto manda italowa. Manda zilizo tayari zinapatikana Eastleigh. Nusu kilo inajaza sambusa kama 20 zenye heshima, za gramu 20 za kima kila moja, na kinachobaki hutiwa kwenye tambi. Funga kwa uji mzito wa unga wa ngano, zipange kwenye sinia zisigusane, zigandishe, ndipo uzitie kwenye mfuko wa friza. Siku ya kukaanga usiziyeyushe. Zitie kwenye mafuta zikiwa ngumu vilevile, moto wa wastani.

Vya paketi sijaviacha vyote. Nanunua nyanya ya kopo, samaki tuna wa kopo ambaye lebo yake inataja uzito baada ya kumwaga maji au mafuta, na njegere za friza. Kitu chenye kiambato kimoja au viwili hakina pa kuficha mengi. Kwenye njegere wewe tikisa paketi tu. Zikichezacheza, chukua. Zikiwa zimeshikana bonge moja, huenda ziliyeyuka njiani zikagandishwa tena, zirudishe ulipozitoa.