Jibu: Namba 8 kwenye kibao cha kanisa

Ndugu, umeuliza kwa nini kanisa lenu dogo la Kadutu, mjini Bukavu, lina namba 8 kwenye kibao chake ilhali wazee huliita misheni ya Waswidi. Ni lilelile. Wamisionari Wapentekoste wa Sweden walifika Kivu, mashariki mwa Kongo, 1921. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zaire (Kongo ya leo) ya Mobutu iliwatambua Waprotestanti chini ya mwavuli mmoja tu, Kanisa la Kristo (leo ECC), na kila jumuiya ya makanisa ikapewa namba: ile iliyotokana na Waswidi, ambayo leo ni CEPAC na ndiyo yenu, ikapata 8, na CELPA ya Wapentekoste wa Norwe 5. Hospitali ya Panzi ya Bukavu pia ni ya CEPAC.

Habari za tawi lenu waulize kwanza wamama wazee wa kwaya. Wachungaji huhamishwa (wengine hata daftari la ubatizo hawajalifungua!), lakini wale mama wanakumbuka nani alitoa kiwanja.