Kurithi hisa si kurithi kiti

SWALI: Baba yetu ana miaka 68 na ndiye mwanzilishi wa kampuni yetu ya uchapishaji. Anataka kaka yetu mkubwa ashike ukurugenzi mwakani. Mauzo yanapanda, lakini sisi wadogo zake tuna wasiwasi. Je, ni kweli kampuni huyumba mtoto akirithi uongozi? Tufanyeje bila kumvunjia baba heshima?

JIBU: Wasiwasi wenu una msingi. Utafiti wa Denmaki uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kampuni zilizokabidhiwa wanafamilia zilipoteza angalau pointi 4 za asilimia za faida ya uendeshaji kwa mali (faida kabla ya riba na kodi, ikigawanywa kwa jumla ya mali), zikilinganishwa na zilizochukua mkurugenzi wa nje. Ili kujua kama chanzo ni urithi wenyewe, watafiti walitumia jinsia ya mzaliwa wa kwanza wa mkurugenzi anayeondoka: akiwa wa kiume, kiti kilielekea zaidi kubaki nyumbani, na jinsia ya mtoto haitokani na hali ya biashara. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kampuni hizo zilikuwa zimeshadhoofika tangu mwanzo.

Damu haina kosa. Tatizo ni kuchagua kiongozi kati ya watu watatu wakati wangeweza kuwa thelathini. Kule Japani, familia ya Suzuki, yenye kampuni ya magari ya jina hilo, ilimwasili mkwe wao, Osamu, kama mtoto wao, naye akawa rais wa kampuni mwaka 1978. Jina lilibaki, uwanja wa kuchagua ukapanuka.

Msitegemee mauzo. Yanaweza kupanda kwa punguzo la bei na kukopesha ovyo. Chukueni faida kabla ya riba na kodi, mgawe kwa jumla ya mali: 60 kwa 500 ni asilimia 12. Fanyeni hesabu hiyo kwa miaka mitatu iliyopita, kisha kila mwaka baada ya makabidhiano.

Mwombeni baba aandike mwenyewe sifa za mkurugenzi kabla jina lolote halijatajwa, na usaili uwe na angalau watu wawili wasio wa familia. Hapo heshima yake inabaki, na kaka akipita, amepita kwa haki. Apewe kwanza idara moja yenye hesabu zake kwa mwaka mzima, halafu bei na ajira, mwisho saini ya benki.

Mahali panapoharibika sana ni makubaliano ya mdomo. Mkataba ulioandikwa wa kununua karatasi unasema mlipe ndani ya siku 30, lakini msambazaji humvumilia mzee hadi siku 60 kwa kuwa wanajuana. Kaka akiingia, msambazaji anashika mkataba. Vitabu vinaonyesha faida, huku fedha za mishahara hazipo. Mzee aorodheshe ahadi zote za namna hiyo, aende na kaka kwa kila msambazaji, na ziandikwe upya kabla ya tarehe ya kukabidhi. Siku hiyohiyo saini ya mzee ya benki ifutwe, la sivyo mameneja wa zamani wataendelea kumpelekea ankara nyumbani.

Na kaka alipwe mshahara wa kazi yake. Gawio la faida lifuate hisa, kwenu nyote.