Uga sifuri, potenshali sifuri: kwa mnaoanza umemetuli

Wadogo zangu wa PCM na PCB (Fizikia, Kemia, na Hisabati au Biolojia), nimepitia mazoezi yenu ya chaji nukta, yale ya kutafuta penye uga sifuri na potenshali sifuri, nikashika kichwa. Makosa ni yaleyale yetu, hata kufutafuta ni kulekule. Haya, sikilizeni.

1. Chora kwanza, kalkuleta baadaye. Kushoto, katikati, kulia: kila eneo liwe na mishale yake ya uga (E), yaani chaji chanya ikiwekwa pale ingesukumwa kuelekea wapi.

2. Angalia ishara. Hapa ndipo nilipochinjwa. Tulipewa +9 na −4 mikrokulombi, umbali sentimita 10, tutafute uga sifuri. Nikalinganisha 9/x² na 4/(10−x)², ikatoka x = 6, yaani sentimita 6 kutoka +9. Namba safi namna ile inadanganyaje? Usiku nikalimwaga jibu hilo mbele ya diskasheni nzima, kikundi chetu cha kujisomea, chaki mkononi, na waliokuwa na wasiwasi nikawacheka. Karatasi ziliporudi, mwalimu alikuwa ameandika pembeni: "Mishale inaelekea wapi?" Yote inaelekea kwenye −4, jamani! Chanya inasukuma kuelekea huko, hasi inavuta kuelekea hukohuko. Nilipata mahali ambapo ukubwa unalingana, wala hakuna kinachofutika. Ukijumlisha pale unapata kama newtoni milioni 45 kwa kulombi, wakati hewa ya kawaida huanza kutoa cheche kwenye milioni 3 hivi. Hiyo ndiyo niliyoiita sifuri! Jibu lilikuwa nje, sentimita 20 kupita −4. Upande wa pili haiwezekani, maana karibu na +9 ile −4 haifui dafu. Wanadiskasheni wangu walininunia mpaka kwenye foleni ya ugali, na walikuwa na haki.

3. Ishara zikifanana, uga sifuri uko kati ya chaji hizo mbili, karibu zaidi na ile ndogo.

4. Potenshali (V) ni skala, yaani ina ukubwa na ishara tu, haina mwelekeo. Mishale weka kando, jumlisha pamoja na ishara. Kwa chaji zilezile, kwenye mstari kuna sifuri mbili: sentimita 6.92 kutoka +9, na sentimita 8 kupita −4. Nje ya mstari ziko tele, zinaunda tufe linaloizunguka −4. Na tafadhali, V kuwa sifuri hakuifanyi E kuwa sifuri. Simama katikati ya +q na −q ujionee.

5. Chaji zote zikiwa chanya, usitafute V sifuri karibu nazo. Kuna mmoja wenu kaitafuta ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri kabisa. Iko kwenye umbali usio na mwisho, ndugu yangu, na rula yako ina sentimita 30.