Mume yuko Reading, mimi niko Tanga

Mwezi huu nimepokea barua nyingi za viza na uraia wa Uingereza, nimechagua tatu. Wageni wa safu hii wajue kwamba mimi si wakili. Niliingia Uingereza 2014 kwa viza ya mke, nikaongezewa muda 2016, nikapata makazi ya kudumu 2019. Ninayoandika ni yale yaliyoko kwenye kanuni na yale niliyoyapitia. Kanuni hubadilika, kwa hiyo siku ya kujaza fomu fungua gov.uk usome upya, na kama kesi yako ina fundo, mtafute wakili au mshauri aliyesajiliwa.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina diploma. Nimeolewa na kijana wa kwetu ambaye sasa ana pasi ya Uingereza. Anafanya kazi kwenye ghala la bidhaa huko Reading, analipwa kwa saa. Mwezi mwingine anapata pauni 2,600, mwingine 2,350, kabla ya kodi. Kazi hii ameianza miezi minne iliyopita. Anakaa chumba kimoja kwenye nyumba ya kuchangia. Je, mshahara wangu wa ualimu unaweza kujazia pale panapopungua? Na kuna wakala ametaka nimpe shilingi milioni mbili ili kesi yangu ipite kwa mtu wake wa ndani. Nimpe?
Mwalimu, Tanga

Marahaba mwanangu, na hongera ya ndoa.

Huyo wakala usimpe hata senti. Maombi yanajazwa kwenye intaneti, ada inalipwa palepale kwa kadi, na anayeamua hukumu yako hamjui wakala wako wala hamjui mjomba wake. Tena mawakala wa namna hii wana tabia ya kupenyeza barua za kughushi ili faili "lijae". Ikigundulika, jina linalochafuka ni lako, na unaweza kufungiwa miaka 10.

Mshahara wako wa Tanga hauhesabiwi. Unapoomba ukiwa nje, kinachotazamwa ni kipato cha mume aliyeko kule, na kiwango tangu tarehe 11 Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Wakati wangu kilikuwa 18,600. Ukigawa 29,000 kwa miezi 12 unapata kama 2,417 kwa mwezi. Kwa kuwa mumeo analipwa kwa saa, huchukuliwa wastani, basi ule mwezi wa 2,350 hauui kesi iwapo miezi mingine inauinua. Angekuwa na mshahara wa mwezi usiobadilika, wangeshika kile kiwango cha chini kabisa alicholipwa.

Tatizo lenu ni ile miezi minne. Njia iliyo nyepesi ni ya mtu aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi sita au zaidi. Hiyo inataka slipu za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi ileile, na barua ya mwajiri. Chini ya hapo mnaingia njia ya pili, inayochimba miezi 12 ya nyuma pamoja na ile kazi ya zamani, na karatasi zinakuwa mara mbili. Mimi ningesubiri miezi miwili. Najua miezi miwili kwa bi harusi ni mingi, lakini kukataliwa kutakula mingi zaidi.

Akiba nayo inaweza kujazia, ila si kwa kiasi ambacho wengi wanafikiri. Pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi kabisa, na asiye na kipato chochote anatakiwa awe na 88,500. Fedha hizo lazima ziwe zimekaa miezi sita mikononi mwenu. Nasema hivi kwa sababu nawajua watu wetu: tukichanga tunachanga, wiki moja inatosha. Mchango wa ndugu unakubalika, lakini ukiingia jana na mkaomba leo, ni sawa na bure.

Sasa nikueleze lililonipata, maana ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mara ya kwanza niliomba 2013, nikakataliwa. Tulikuwa na kila kitu, ndivyo tulivyoamini. Picha za harusi, tiketi za ndege za mume, risiti za fedha alizonitumia, jumbe za simu nilizochapisha zikajaa bahasha mbili. Barua ya kukataliwa haikutaja picha hata moja. Ilisema slipu za mshahara ni sita, taarifa za benki ni tano, Februari haipo. Mume wangu alikuwa amehamia benki nyingine Februari, mshahara wa mwezi ule ukaingia akaunti ya zamani, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuichukua. Nilikaa na barua ile sebuleni kwa mama pale Ngamiani nikiisoma mpaka giza likaingia. Mama akauliza, "Kwani hawaamini kama mmeoana?" Waliamini. Walichokosa ni karatasi moja ya benki, na ikatugharimu mwaka mzima.

Kwa hiyo mfanye kazi moja ya jioni moja. Pangeni slipu sita mezani kwa mstari. Chini ya kila slipu weka ukurasa wa benki wa mwezi uleule. Kisha chukua rula, fuata tarakimu: kiasi kilichoandikwa kwenye slipu kama malipo halisi baada ya makato ndicho kilichoingia benki? Kwa senti? Kama kiasi hakilingani, labda mwajiri alimkopesha au alikata sare za kazi, barua ya mwajiri ieleze. Karatasi ya mwisho isiwe na zaidi ya siku 28 siku mnayowasilisha maombi.

Jioni ya pili fanya hivyohivyo kwa majina. Pasi yako, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha Kiingereza. Pwani tuna mtihani wa majina: kwenye pasi Mwanaisha, kwenye cheti Mwana Isha, mzee akikuita Asha. Shehe anaandika kama alivyosikia. Kosa likiwa la mwandikaji, lirekebishwe kwenye cheti chenyewe. Pasiporekebishika, nenda kwa wakili ule kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Na cheti cha ndoa kiwe kile cha serikali, kilichosajiliwa RITA. Hati ya msikitini pekee haitoshi. Chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe na mfasiri anayetia jina, saini, tarehe na anwani yake.

Yaliyobaki ni mepesi. Kiingereza ni ngazi ya A1, kuongea na kusikiliza tu, kwenye kituo kilichoidhinishwa. Mwalimu kama wewe hutasumbuka, ila diploma haikuondolei mtihani. Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa anayetoka Tanzania, na cheti chake huishi miezi sita, basi usikimbilie kupima leo kama mtasubiri. Chumba cha mumeo kinafaa mradi ni chenu peke yenu na nyumba haijafurika watu; mwenye nyumba aandike barua kwamba anakubali uhamie. Na mjiandae na fedha: mbali na ada ya viza, kuna ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya kwanza ya miezi 33 mnalipa miaka mitatu mara moja, yaani 3,105. Mkikataliwa ya afya inarudishwa. Ada ya viza hairudi.

Zile slipu na barua usizitupe ukishafika. Kabla miezi 33 haijaisha utaomba miezi 30 mingine, na baada ya miaka mitano makazi ya kudumu, na kila mara watataka barua zilizokuja kwenye anwani yenu kwa majina yenu wawili. Siku ya kwanza ukiingia Reading, jina lako liandikwe kwenye bili ya umeme au ya maji. Wanawake wengi hugundua mwaka wa tano kwamba hakuna karatasi hata moja inayoonyesha waliwahi kuishi kwenye nyumba waliyoipikia miaka yote.

*

Shangazi, habari za huko. Mimi ni Mtanzania, nipo Glasgow, mke wangu ni Muingereza na nimeshapata makazi ya kudumu mwezi uliopita. Rafiki yangu Mkenya amechukua uraia na bado ana pasi ya Kenya. Mimi nina kiwanja Kigamboni. Niombe uraia sasa au nisubiri?
Baba Wawili

Usijipime kwa rafiki yako. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Tanzania haimruhusu mtu mzima: ukichukua wa kule kwa hiari yako, wa kwetu unaupoteza. Na asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi ya Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Hadhi maalum wanayopewa watu wenye asili ya Tanzania si uraia. Haikupi pasi wala kura.

Kwa upande wa Uingereza mlango uko wazi. Aliyeoa raia anaweza kuomba mara tu anapopata makazi ya kudumu, mradi ameishi huko miaka mitatu, hakutoka nje zaidi ya siku 270 katika miaka hiyo, wala zaidi ya siku 90 katika mwaka wa mwisho. Fungua pasi zako, andika kila safari, siku ya kutoka na siku ya kurudi. Na hakikisha ile tarehe kamili ya miaka mitatu nyuma ulikuwa ndani ya nchi. Wapo waliokataliwa kwa sababu siku hiyo walikuwa likizo.

Mimi nimebaki na pasi yangu ya Tanzania. Nina sehemu yangu ya shamba la marehemu baba Muheza, na sijakuwa tayari kuiacha. Ninacholipa ni uangalifu: mwenye makazi ya kudumu akikaa nje miaka miwili mfululizo, makazi yanakufa. Wewe una watoto huko na mke wa huko, huenda hesabu yako ni tofauti. Lakini kaa na ndugu zako wa Kigamboni muamue kiwanja kabla hujajaza fomu, usije ukaanza mazungumzo hayo ukiwa umeshakula kiapo.

*

Shangazi, nisamehe, sitataja mji. Nipo kwa viza ya mume, mwaka wa pili. Mume ni raia. Pasi yangu anaishika yeye, mshahara wangu unaingia kwake, na nikijibu kitu ananiambia, "Nikipiga simu moja tu, unarudishwa kwenu." Hajanipiga ila mara moja, alinisukuma ngazini. Wazee wa jumuiya wameniambia nivumilie mpaka nipate makazi. Nivumilie?

Mdogo wangu, usivumilie. Wazee wetu nawaheshimu, na suluhu ni jambo la kheri pale wawili wamekoseana. Hapa kuna mmoja anayemfunga mwenzake kwa karatasi, na wazee hawaishi kwenye nyumba ile usiku.

Hana uwezo wa kufuta viza yako kwa simu moja. Anaweza kuarifu kwamba ndoa imevunjika, na hapo viza ya ndoa inaweza kufupishwa, hilo ni kweli. Lakini sheria ya huko imeweka mlango kwa mtu kama wewe. Aliyeingia kwa viza ya mwenzi wa raia, na ndoa ikavunjika kwa sababu ya unyanyasaji, anaweza kuomba makazi ya kudumu wakati huohuo, bila kungoja miaka mitano. Kama huna pa kwenda wala fedha, kuna ruhusa ya miezi mitatu unayoombewa kwanza, inayokuwezesha kupata msaada wa serikali na mahali pa kulala wakati maombi makubwa yanaandaliwa. Asiye na uwezo husamehewa ada. Tena, kwa England na Wales, kesi ya namna hii inaweza kupata wakili wa kulipiwa na serikali.

Na usidhani lazima uwe na alama mwilini. Sheria ya huko ya unyanyasaji wa majumbani, ya 2021, inataja kumtawala mtu na kumnyima fedha zake kuwa ni unyanyasaji. Mshahara wako kuingia kwake ni ushahidi. Ujumbe wa "unarudishwa kwenu" ni ushahidi. Ngazi zile, mweleze daktari wako wa kliniki, peke yako, aandike kwenye faili lako. Mkalimani awe wa kliniki, asiwe mume.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Siku hizi viza haiko tena kwenye kadi ya plastiki, iko kwenye akaunti ya intaneti, na akaunti hiyo inafunguliwa kwa barua pepe na nambari ya simu. Je, ni nani aliyeifungua yako? Kama ni yeye, kwa barua pepe yake, basi ameshika viza yako kuliko anavyoshika pasi. Usiibadilishe ukiwa nyumbani, maana ujumbe wa kubadilisha utamfikia. Subiri uwe mahali salama na mtu wa kukusaidia, ndipo uweke barua pepe mpya asiyoijua.

Pasi ukiikosa, usirudi kuigombania. Piga picha ukurasa wa picha siku atakayoiacha mezani, itume kwa dada yako, uifute kwenye simu. Akikutishia mwili, piga 999. Simu ya taifa ya wanaonyanyaswa majumbani ni 0808 2000 247, bure, saa 24, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Usiiandike popote nyumbani. Ikariri kama ulivyokariri Fatiha, na upige ukiwa kazini, kwa simu ya mwenzako.