Kabla hujachomeka hiyo chaja ya simu kwenye Raspberry Pi

Mkuu, hebu weka pembeni kwanza habari ya GB 2 au GB 4. Umeuliza ununue Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ya RAM kiasi gani, uzuieje matangazo kwenye simu za watu wa nyumbani hapo Lindi, picha za familia zikae vipi kwenye hadi diski ili kila mtu azione, na ukiwa Dar utaifikiaje. Halafu mwisho kabisa ukaandika: "Chaja ninayo ya simu, ya wati 33, na hadi diski itatumia umeme humohumo kwenye Pi." Ukaipita kama kitu cha kawaida. Mimi hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu hiyo sentensi yako ndiyo niliyoambiwa na mimi, nikaiamini, na iliyonipotezea sauti ya bibi yangu.

Nipo Mtwara, Magomeni. Pi yangu niliagiza duka moja Dar mwaka 2021, ikaja na basi. Nikamuuliza muuzaji kwa simu kama kuna chaja yake maalumu. Akanijibu: "Kaka, chaja ni chaja, bora tundu liingie." Nikamuuliza tena, akasema nisipoteze hela. Mtu huyu anauza vifaa hivi kila siku. Anajua ndani ya boksi hamna chaja, na karatasi ya maelekezo inataja umeme unaotakiwa. Kama hajui, aseme hajui. Sijawahi kumsamehe, na sioni sababu ya kumsamehe leo.

Nikachukua chaja ya simu na waya wa mita mbili, kwa sababu soketi ilikuwa mbali na ruta. Baba mdogo alikuwa ameuza korosho msimu ule, akanipa hela ya hadi diski ya nje ya terabaiti 1, ile ndogo isiyo na umeme wake. Nikaweka Samba, programu ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, nikafungua folda moja ya familia, kila mtu akawa anarusha picha humo jioni. Ilifanya kazi, na hapo ndipo kwenye mtego, kwa sababu itafanya kazi hata kwako. Utakuja kunijibu hapa kwamba mbona inawaka.

Bibi alikuwa Newala. Kuanzia 2019 nilikuwa nikipanda kwake nikimrekodi kwa simu, saa nzima saa nzima, kwa Kimakonde na Kiswahili vikichanganyika. Alisimulia wazee walivyovuka Ruvuma, ndonya ya mama yake, kile kipambo cha mdomo wa juu, nyimbo za unyago ambazo wasichana wa siku hizi hawazijui, na reli ya karanga iliyokuwa ikitoka Mtwara kwenda Nachingwea alipokuwa binti mdogo. Rekodi 41. Nikazihamishia zote kwenye diski, kisha nikazifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Nilizifuta kwa sababu nilidhani sasa ziko mahali salama kuliko simu.

Bibi alifariki Machi 2022. Diski ilikufa Agosti mwaka huohuo.

Dalili zilikuwepo miezi mitatu kabla, nazitaja ili uzijue. Taa nyekundu ya Pi ilikuwa inazimika sekunde moja na kurudi, hasa jioni watu wengi wakirusha picha kwa pamoja. Diski ilikuwa inalia tik, tik, halafu inanyamaza. Folda inapotea, nachomoa waya na kuchomeka upya, inarudi. Nikadhani ni joto. Ungeunganisha skrini ungeona alama ya radi pembeni juu, lakini mashine ya namna hii inakaa nyuma ya ruta bila skrini, kwa hiyo alama hiyo hakuna anayeiona. Na umeme wetu unaujua: jioni ile ya Agosti ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya nusu saa. Ya tatu iliporudi, diski ikawa inaomba ifomatiwe.

Nilipitisha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyopotea, usiku kucha. Picha nyingi zilirudi bila majina. Rekodi za sauti ni faili kubwa, na zangu zilikuwa zimetawanyika vipandevipande kwenye diski. Kati ya 41 nilipata 6 zinazosikika mwanzo hadi mwisho. Ile ya reli inakatika bibi akiwa anataja vituo.

Sasa sikiliza ni kwa nini hiyo wati 33 haikusaidii. Wati ni volti mara ampea. Chaja za simu za haraka zinapata wati hizo kwa kupandisha volti, 9 au 11, na zinapandisha baada ya kuongea na simu yenyewe na kukubaliana. Pi 4 haina mazungumzo hayo. Inachukua volti 5 tu, basi. Kwa hiyo geuza chaja, soma maandishi madogo, tafuta mstari wa 5V. Yangu iliandikwa 5V 2A, yaani wati 10. Watengenezaji wa Pi 4 wanataka volti 5 na ampea 3. Zipo chaja za simu zinazotoa 5V 3A kweli, sikatai, lakini hapo bado hujamaliza kwa sababu ya waya.

Waya wa simu ni mwembamba. Chukua waya mrefu wenye ukinzani wa omu 0.2 kwenda na kurudi, ambao si wa ajabu hata kidogo. Ukipitisha ampea 2, njiani zinapotea volti 0.4. Chaja imetoa 5, Pi inapokea 4.6. Na Pi inahesabu umeme kuwa mdogo ukishuka chini ya 4.63. Unaona ilivyo karibu? Diski ndogo ya nje inapoanza kuzunguka inavuta karibu ampea 1 peke yake, na matundu yote manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2. Bodi inavumilia, inajipunguza kasi na kuendelea. Diski haivumilii: inajizima katikati ya kuandika, inawaka tena, inaandika juu ya kilichobaki nusu. Yangu ilikuwa kwenye fomati ya exFAT, ambayo haina daftari la kumbukumbu la kujirekebishia baada ya kukatika ghafla. Ext4 inalo, na ndiyo ninayotumia sasa, ila hata hiyo usiitegemee ikusafishie umeme mbaya.

Chaja rasmi ya Pi 4 inatoa volti 5.1, si 5. Hiyo 0.1 imewekwa kwa makusudi kufidia kinachopotea njiani, na waya wake umeunganishwa moja kwa moja, mnene, wa mita moja na nusu. Ukipata Pi 5, mahitaji yanapanda hadi ampea 5, na ukiipa chaja ya ampea 3 yenyewe inabana matundu yote ya USB yasizidi ampea 0.6 kwa pamoja. Diski yako haitafurahi.

Kwa hiyo utaratibu wangu, na hapa sibadilishi kwa ubishi wa mtu yeyote: umeme unanunuliwa kwanza, Pi inafuata. Hela isipotosha vyote, subiri mwezi mwingine. Anza na chaja rasmi, kisha habu ya USB, kile kigawanyo cha matundu, yenye adapta yake yenyewe, ili diski isiivute Pi, kisha UPS, yaani boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Kwangu nina UPS ya kawaida ya VA 650, ile ya kompyuta za ofisini, imebeba Pi, habu na ruta, na inashikilia zaidi ya saa moja. Pawabenki niliijaribu kwanza. Umeme ukikatika ilishika vizuri, uliporudi ikakata sekunde moja ili ianze kujichaji, na Pi ikazima. Kwa hiyo ijaribu ya kwako kabla ya kuiamini: chomoa na uchomeke ukutani mara tano huku Pi inafanya kazi.

Ukishafunga, usitazame taa tu. Ingia kwenye Pi, nakili faili kubwa kwenda kwenye diski, na wakati inanakili andika vcgencmd get_throttled. Ikijibu throttled=0x0, umeme wako ni mzima. Ikijibu 0x50000, umeme ulishashuka angalau mara moja tangu uiwashe. Ikijibu 0x50005, unashuka sasa hivi, hapo hapo, zima. Unaweza pia kuandika dmesg, inayoonyesha kumbukumbu za mfumo, na kutafuta neno Under-voltage, utaona sekunde yenyewe. Mimi amri hiyo niliijua wiki mbili baada ya kuzika diski. Kuizima Pi ni sudo poweroff, unasubiri taa ya kijani itulie, ndipo uchomoe.

Kuhusu matangazo: weka Pi-hole, programu inayozuia matangazo kwa mtandao mzima wa nyumbani, ipe Pi anwani isiyobadilika, halafu kwenye ruta uelekeze DNS, huduma inayotafutia majina ya tovuti anwani zake, kwa Pi. Ruta nyingi za laini haziruhusu ubadilishe DNS. Hapo unazima DHCP ya ruta, ile kazi ya kugawia vifaa anwani, na kuiachia Pi-hole igawe anwani yenyewe. Matangazo ya YouTube hayataondoka, waambie mapema wasikusumbue. Lakini tazama hata hapa tunarudi palepale: Pi ikiyumba kwa umeme, simu zote za nyumbani zinapoteza DNS, na mama atakupigia Dar kukuambia bando limeisha wakati bando lipo.

Zile rekodi 6 sasa ziko kwenye diski yangu, kwenye kompyuta ya dada yangu hapo Lindi, na kwenye flashi iliyo kabatini kwa baba mdogo. Picha za wazee wako ulizosema unataka kuzikusanya, usizifute popote zilipo sasa.

Leo usinunue kitu. Piga picha mgongo wa hiyo chaja, mstari wa 5V usomeke, pima urefu wa waya, weka hapa. Nipo macho mpaka saa tano usiku.